Kadi ya Ziada

Tunda likikaa sana huoza. Mbao ikinyeshewa huoza, na hata kamba iliyofunga mizigo mizito miaka nenda miaka rudi, siku moja hukatikia mkononi mwa mwenyewe. Ndiyo tabia ya vitu vya dunia. Lakini wazee wetu walitenga kitu kimoja wakasema hiki kisihesabiwe humo. Wema hauozi, walisema. Maana yake ni kwamba jambo jema ulilomtendea mwenzako halipotei, hata kama wewe mwenyewe umelisahau. Hukaa mahali likasubiri, na siku ya haja hujitokeza likiwa zima kama siku ulipoliweka. Aliyekuja kulijua hilo uzeeni ni mwanamke mmoja aliyekuwa na mwandiko mzuri.

Katika mtaa wa nyuma ya soko palikuwa na duka la kuchapa. Chumba cha mbele kilikuwa cha kupokea wateja, na cha nyuma kilikuwa cha mashine, kikinuka wino na mafuta ya taa ya kusafishia. Mwenye duka aliitwa Fundi Chapa. Karibu na dirisha, mahali mwanga unapoingilia kushoto, palikuwa na meza ndogo ya Bi Kalamu. Jina lake la kuzaliwa watu walikuwa wamelisahau. Hata yeye alilikumbuka pale tu alipoitwa hospitali.

Kazi ya Bi Kalamu ilikuwa kuandika majina ya kwenye kadi za harusi, vyeti vya wanafunzi na vibandiko vya chupa za manukato. Mwandiko wake ulikuwa mwembamba kama unywele pale kalamu ilipopanda, ukanenepa kidogo iliposhuka, kisha ukajikunja mwishoni kama mkia wa paka aliyeshiba. Herufi zake ndogo zilishikana mikono kama watoto wanaovuka barabara. Herufi kubwa alizipamba kwa kitanzi kimoja tu, kwa kuwa alisema kitanzi cha pili ni majivuno. Mtu aliyemuuliza siri yake alipewa jibu fupi: "Kupanda usikanyage, kushuka usiogope."

Aliandika kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, mwandiko ukapigwa picha, ukahamishiwa kwenye bamba la bati, kisha mashine ikachapa. Kazi ikiisha, karatasi ilitupwa na bamba likauzwa. Mabanda mengi ya kuku ya mtaa ule yaliezekwa kwa mabamba hayo. Ukichungulia ndani ungeona kuku wamelala chini ya majina ya maharusi.

Mwanzoni aliandika kila kitu kwa mwandiko ule, mpaka siku mteja mmoja alipotaka hata saa ya sherehe iandikwe hivyo hivyo. Bi Kalamu akaandika saa 7, saba yenye mstari wa juu mwembamba kama uzi. Mashine ilipochapa, ule uzi ukafifia, na waalikwa wakasoma saa 1. Walifika asubuhi na mapema wakiwa wamevaa na kujipulizia marashi, wakamkuta bibi harusi anafagia ua. Tangu hapo Bi Kalamu akaweka sheria. Majina yaandikwe kwa mwandiko, lakini saa na mahali viandikwe kwa herufi zilizosimama wima, zinazosomeka hata na mtu aliyesahau miwani.

Alikuwa na desturi nyingine ambayo hakuna aliyemwagiza. Mashine ya kukata karatasi iliacha vipande vya pembeni, vyembamba lakini vizuri, na kila jioni vilikuwa vya kufagiliwa. Bi Kalamu aliviokota akaviweka kwenye droo. Mteja alipokuja kuchukua kadi zake, alichagua kipande kimoja, akaandika majina yale upya, polepole, kisha akakiweka juu ya bunda.

"Hizi zote mtagawa," alisema. "Mwishowe nyumbani kwenu haitabaki hata moja, maana ndivyo inavyokuwa siku zote. Hii ni ya kwenu. Msimpe mtu."

"Bi Kalamu, utanifilisi kwa ukarimu wako," Fundi Chapa alinung'unika.

"Nikufilisi kwa takataka zako mwenyewe?"

Fundi Chapa alicheka, akarudi kwenye mashine. Alikuwa mtu mwema naye. Alinung'unika tu ili mazungumzo yawepo.

Miaka hiyo, mjukuu wa Bi Kalamu alikuwa akishinda chini ya meza ile, mama yake akiwa kazini. Alichezea kofia za chupa za wino, na jioni alitoka na vidole vyeusi. Siku moja akachungulia juu akauliza, "Bibi, na mimi utaniandikia?"

"Wewe mke mwenzangu nisikuandikie? Kadi zako nitaandika kwa mkono huu huu, na kitanzi cha jina lako nitakifanya kikubwa kuliko vyote."

"Kitanzi cha pili je?"

"Kwako wewe, nitafikiria."

Mtoto akarudi chini ya meza ameridhika. Ahadi ni deni, na Bi Kalamu hakuwahi kuisahau.

Miaka ikapita. Fundi Chapa alifariki, na binti yake akarithi duka. Binti Fundi alileta kompyuta, na ndani ya kompyuta mlikuwa na miandiko tele ya kuchagua kama nguo dukani. Hakumfukuza Bi Kalamu, wala hakuiondoa meza yake. Kazi ndiyo iliyompungukia yenyewe, kama maji ya kisima wakati wa kiangazi. Kisha kiharusi kikampitia Bi Kalamu. Mguu ulirudi, maneno yakarudi, lakini mkono wa kulia ulibaki ukitetemeka. Akawa anakunywa chai kwa mkono wa kushoto, na kalamu zake akazifunga kwenye kitambaa.

Mjukuu alipochumbiwa, watu wote wa nyumbani walifurahi, naye Bi Kalamu akafurahi kuliko wote. Alipobaki peke yake akakifungua kile kitambaa cha kalamu. Jina la mjukuu lilianza na Z. Alichovya nibu ya kalamu, akapanda bila kukanyaga, lakini mkono ukakanyaga wenyewe. Mstari ulitoka kama njia ya mdudu aliyelewa. Alijaribu tena na tena, kisha akazikunja karatasi zote akazisukuma nyuma ya ndoo ya unga.

Mjukuu alizikuta alipokuwa akipima unga. Aliketi karibu na bibi yake, akaushika ule mkono, akawa anaukanda vidole kimoja kimoja.

"Nilikuahidi," Bi Kalamu alisema.

"Nilikuwa mtoto, Bibi. Watoto huahidiwa hata mwezi."

"Mimi sikukuahidi mwezi. Nilikuahidi kitu ninachokiweza."

Kesho yake wakaenda dukani pamoja, maana siku ya harusi haingoji mtu. Binti Fundi aliwapokea kwa heshima, akafuta kiti cha Bi Kalamu kwa kitambaa ingawa hakikuwa na vumbi. Kisha akawaonyesha mfano aliokuwa ameuandaa. Alikuwa amechagua mwandiko mwembamba wa kwenye kompyuta, na kwa kutaka kumtukuza bibi harusi, jina lote aliliandika kwa herufi kubwa tupu. Vitanzi vilikuwa vimepandana, mikia imenasana, na jina lilionekana kama waya wa kuanikia nguo uliokatika.

Bi Kalamu aliitazama kadi, akajizuia, mwisho akashindwa. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mwanangu, herufi kubwa ya namna hii ni mgeni rasmi. Ukiwaweka wageni rasmi wote meza moja, nani atapakua? Mweke mmoja mbele, wengine wawe watu wa nyumbani."

Binti Fundi naye akacheka. Akairekebisha, herufi kubwa moja mbele na ndogo zikafuata, na jina likasomeka. Lilikuwa zuri, lakini halikuwa mkono wa Bi Kalamu, na wote watatu walilijua hilo.

"Bibi," Binti Fundi alisema, "nikipata mwandiko wako wa zamani, kila herufi kubwa na ndogo, naweza kuzipiga picha nikazisafisha, nikaziingiza humu. Kompyuta itaandika kwa mkono wako. Una karatasi zozote ulizoweka?"

Bi Kalamu alitikisa kichwa. "Zilitupwa. Mabamba wanayo kuku. Na hata ungezipata, hiyo itakuwa ni kuchapa. Mimi niliahidi kuandika."

Hapo ndipo mjukuu aliposema neno ambalo Bi Kalamu alilirudia moyoni kwa muda mrefu. "Lakini, Bibi, si ni mkono wako huo huo ulioziandika? Utakuwa umeniandikia tu. Ila uliandika mapema."

Bi Kalamu akasema, "Haya. Lakini hizo herufi mtazitoa wapi?"

"Zile kadi za ziada," Binti Fundi alisema. "Baba alikuwa akizinung'unikia kila siku. Haiwezekani zote zimepotea."

Akabandika tangazo mlangoni: mwenye kadi iliyoandikwa kwa mkono na Bi Kalamu ailete, itapigwa picha na kurudishwa papo hapo.

Siku ya kwanza hakuja mtu, na Bi Kalamu akasema, "Mnaona? Watu wana mambo yao." Siku ya pili akaja mshonaji wa mtaa wa pili, ameifunga kadi yake katika kipande cha hariri. Akafuata mama mmoja muuza mkaa, ambaye mikono yake aliinawa bombani kabla hajaitoa kadi kwenye bahasha. Akaja mwalimu mstaafu na cheti cha darasa la mwisho, na dereva wa lori aliyekuwa ameiweka kadi nyuma ya kizuia jua, juu ya usukani.

"Inasafiri na mimi," dereva alisema. "Mke wangu husema akiiona gari inapita, basi na ndoa yake inapita."

"Na ikiharibika njiani?" Binti Fundi aliuliza.

"Gari ndiyo huharibika. Kadi bado."

Walikuja hata wasiokuwa na kadi, waliotaka tu kumsalimu Bi Kalamu. Kwa kuwa kila aliyekuja alikuwa na la kusimulia, kazi ilikwenda polepole, wala hakuna aliyelalamika. Bi Kalamu alikaa kwenye meza yake ya zamani, kadi zikipita mbele yake kama watoto waliokua wakarudi kusalimia. Aliwakumbuka karibu wote. Aliikumbuka hata siku aliyoandika hii akiwa na mafua, na ile aliyoiandika mvua ikivuja juu ya meza.

Binti Fundi alizichukua herufi moja moja. Herufi ndogo zilitimia upesi. Kubwa nazo zikaja, A ya mshonaji, M ya muuza mkaa, R ya mwalimu. Lakini Z kubwa haikuja. Majina ya kuanzia herufi hiyo hayakuwa mengi katika mtaa ule, na hao wachache kadi zao zilikwenda na moto, na panya, na kuhama nyumba. Siku ya kupeleka kadi kwa waalikwa ilikuwa inakaribia.

"Naweza kuitengeneza kutokana na vipande vya herufi nyingine," Binti Fundi alisema kwa upole. "Au tuazime ya kwenye kompyuta. Hakuna atakayejua."

"Nitajua mimi," Bi Kalamu alisema. "Jina la mjukuu wangu lianze kwa mkono wa mtu nisiyemjua?"

Mjukuu akamtazama usoni. "Bibi, kuna mtu unayemkumbuka. Naona."

Kweli alikuwepo. Zamani kijana mmoja aliyekuwa akijifunza ufundi saa alikuja dukani kutaka kadi chache mno. Fundi Chapa akamweleza kwamba mashine haiwashwi kwa kadi za kujaza kiganja, na kijana akageuka aondoke, shingo imelegea. Bi Kalamu alimwita kupitia dirishani. Akatoa vipande vyake kwenye droo, akaacha kula chakula chake cha mchana, akaziandika kadi zote kwa mkono, na ya ziada juu. Jina la mchumba wake lilianza na Z. Kijana yule sasa alikuwa mzee, fundi saa wa mtaa wa juu, na mkewe alikuwa amefariki.

"Twende kwake sasa hivi," mjukuu alisema.

"Hatwendi."

"Kwa nini, Bibi?"

"Kwa sababu nikienda mimi, hawezi kukataa. Nitakuwa nimeugeuza wema kuwa deni. Saa yangu ya ukutani imesimama miaka yote hii, na sijawahi kuipeleka kwake, asije akadhani nimekuja kudai. Yule ni mgane, na kile ndicho kitu chake. Mwacheni. Wala msimpitie kwa mlango wa nyuma, nawajua nyinyi."

Wakatazamana, maana walikuwa wamekwisha kuufikiria huo mlango wa nyuma.

Asubuhi iliyopangwa ya kuchapa, Binti Fundi aliwasha mashine ipate joto. Z ya kuazima ilikuwa imekwisha kuwekwa kwenye jina, na Bi Kalamu alikuwa ameitazama mara moja tu, kisha akageukia dirishani. Ndipo akamwona mzee mmoja akivuka barabara kwa uangalifu, amekumbatia kitu kilichofungwa taulo.

"Hodi hapa."

"Karibu. Shikamoo, mzee," Binti Fundi alisema.

"Marahaba, binti. Nimesikia mna shida ya Z."

Alilifungua taulo juu ya meza. Ndani mlikuwa na kilango cha mbao chenye kioo, mlango wa saa kubwa ya ukutani. Upande wa ndani, mahali ambapo jua halifiki, kadi ndogo nyembamba ilikuwa imebandikwa kwenye fremu, chini ya kioo. Wino wake ulikuwa mweusi kama wa jana. Z ilikuwa imesimama mbele ya jina, imeinama kidogo, na kitanzi chake kimoja.

"Ningekuja mapema," fundi saa alisema. "Bawaba zilikuwa na kutu, zimenisumbua kuzifungua."

Bi Kalamu alijua kwamba katika nyumba ya fundi yule haikosekani bisibisi wala mafuta ya kulainisha bawaba. Hakumwambia. "Bawaba husumbua," alisema.

"Husumbua sana, dada."

"Pole na mwenzio. Niliposikia nilikuwa kitandani, sikuweza kuja."

"Najua. Alikuwa akifungua saa kuijaza ufunguo, lazima aisome kadi kwanza. Nami nikamwambia, wewe unajijua jina lako, unasoma nini? Akasema, nasoma jinsi nilivyoandikwa." Fundi saa akafuta kioo kwa ukingo wa shati, ingawa kilikuwa safi. "Fanyeni upesi, tafadhali. Saa nimeisimamisha, na haijazoea."

Binti Fundi alipiga picha mara tatu ili awe na hakika, mikono yake ikiwa myepesi kama anayembeba mtoto mchanga. Kabla chai waliyomletea fundi saa haijapoa, kilango kilikuwa kimerudi kwenye taulo. Alipofika mlangoni akageuka. "Na ile saa yako, dada? Nasikia imesimama."

"Nani kakuambia?"

"Mtaa mzima unajua. Nimeingoja miaka yote hii uilete. Nikadhani huniamini ufundi."

Bi Kalamu alicheka kicheko cha zamani, kile cha wakati wa Fundi Chapa. "Nitaileta," alisema, na kweli aliipeleka.

Mashine ikachapa. Kadi zilitoka moja baada ya moja, saa na mahali kwa herufi za kusimama wima, na juu yake majina mawili kwa mwandiko mwembamba wenye kupanda na kushuka. Z ya marehemu ndiyo iliyotangulia jina la bibi harusi, ikafuatwa na herufi za mshonaji, za muuza mkaa na za dereva, zote zimeshikana mikono.

"Mwandiko ukiingia humu lazima uwe na jina," Binti Fundi alisema. "Tuuite nini?"

"Uite Ziada," Bi Kalamu alisema.

Mpaka leo duka lile hutumia Ziada kwa vyeti, kwa kadi za shukrani na kwa majina juu ya masanduku ya keki. Mteja akitaka jina lote kwa herufi kubwa, Binti Fundi humweleza habari za wageni rasmi na meza moja, na mteja hucheka akakubali.

Siku ile, kadi zilipokuwa zimefungwa, Bi Kalamu alisimama aondoke na mjukuu wake. "Ngoja kwanza, Bibi," Binti Fundi alisema. Aliinama chini ya mashine ya kukata, akaokota kipande cha pembeni, akakitia kwenye mashine ya kuchapa. Kikatoka na majina yale yale. Akampa kwa mikono miwili.

"Hizi zote mtagawa," alisema. "Hii ni ya kwako. Usimpe mtu."

Bi Kalamu alikuwa amewaandikia watu wa mtaa mzima, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuwa na kadi hata moja. Aliishika kwa mkono wa kushoto. Kidole cha mkono wa kulia akakipitisha juu ya Z, kikapanda bila kukanyaga, kikashuka bila kuogopa. Kidole kilitetemeka, lakini herufi ilitulia, vilevile kama alivyoiandika siku alipokosa chakula cha mchana kwa ajili ya kijana asiyemjua. Kweli, wema hauozi.